Orodha ya Baadaye

Mke wangu ni daktari, lakini ukiugua usimfuate. Mtaa wetu ulichukua miaka miwili kulielewa hilo. Walisikia wenzake wa chuo kikuu wakimwita Dokta, basi asubuhi moja jirani akagonga mlango akiwa na mtoto mwenye homa begani. Mke wangu alibaki ameduwaa mlangoni, kalamu sikioni.

"Mimi ni wa nyota, dada," alisema.

Jirani akamtazama juu mpaka chini. "Nyota za bahati?"

"Hapana. Zile za juu."

Ilibidi mama yangu mzazi atoke ndani na mkongojo wake, amguse mtoto paji la uso, aanze kuuliza amenyweshwa nini tangu jana. Mama alikuwa mkunga. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto, akazalisha watu ambao leo wana wajukuu. Alihamia kwetu baada ya kuvunjika nyonga, na tangu siku ile ya jirani alimpa mkwewe jina: Daktari Asiye na Mgonjwa. Alimwita hivyo mbele yake, huku akicheka. Mke wangu naye alicheka, ila kwa adabu, kama mtu anayecheka mzaha wa bosi.

Walikuwa wanaheshimiana, lakini hawakuwa na la kuongea. Mmoja alishinda na watoto wa watu maisha yake yote, mwingine alishinda na galaksi zilizo mbali kiasi kwamba hata neno "mbali" halitoshi. Mimi nilikuwa katikati, na kazi yangu ni useremala. Karakana yangu imeshikana na nyumba, dirisha lake linafungukia chumba cha kulia, kwa hiyo kinachosemwa mezani hunifikia, labda msumeno uwe unanguruma. Nayasimulia haya kwa sababu najua mke wangu mwenyewe hatayasimulia kamwe. Ukimwuliza atakwambia, "Ah, ilikuwa kazi tu."

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne asubuhi. Mke wangu alikuwa ametandaza picha zake kwenye meza ya kulia, kwa sababu meza za ofisini kwao ni ndogo na hii niliitengeneza mwenyewe, ya watu kumi. Karatasi kubwa nyeusi, zimejaa vidoa vyeupe, vingine vidogo kama chembe ya chumvi. Mama alikuja na kikombe cha chai, akatafuta pa kukiweka, akakosa.

"Hivi vidoa ndiyo kazi yenyewe?"

"Ndiyo, mama. Kila kidoa ni galaksi. Ni mkusanyiko wa nyota, mabilioni kwa mabilioni. Na sisi tumo ndani ya mojawapo."

"Na unazifanyia nini?"

"Nataka kujua zinazaliwaje na zinakuaje."

Mama akavuta kiti. Habari za kuzaliwa na kukua zilikuwa uwanja wake. "Sasa unakaa nazo muda gani mpaka zikue?"

"Hazikui nikaona. Galaksi moja kubadilika kidogo tu ni mamilioni ya miaka. Nizaliwe mara elfu, nitaikuta vilevile."

"Basi unafanyaje?"

Mke wangu akachukua karatasi tatu, akazipanga. Alieleza taratibu kwamba mwanga nao husafiri, nao huchukua muda wake njiani. Mwanga wa galaksi hii ulitoka kwake miaka bilioni tano iliyopita na ndiyo kwanza unafika; kwa hiyo haioni ilivyo leo, anaiona ilivyokuwa wakati huo. Hii ya pili, miaka bilioni nane. Hii ya tatu, bilioni kumi na mbili, wakati ulimwengu wenyewe ulikuwa mchanga. Kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo anavyoiona ikiwa changa zaidi.

"Sina galaksi moja ya kuifuata tangu utotoni," alisema. "Nina elfu nne, kila moja nimeikuta katika umri wake. Nazipanga."

Mama akapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika kidogo. "Si kadi za kliniki hizo!"

"Vipi, mama?"

"Asubuhi moja wanakuja watoto themanini. Wa wiki mbili, wa miezi sita, wa miaka minne. Sijamfuata hata mmoja tangu azaliwe. Lakini nikishawapima wote, ikifika saa ya kufunga kliniki najua mtoto hukuaje."

Mke wangu akaweka kalamu chini. "Mimi hilo hulifundisha wiki nzima darasani," alisema, "na halijapata kueleweka hivyo."

Mimi huko karakana niliacha kupiga randa. Nilikuwa nimengojea mwaka mzima wawili hawa waongee mambo yasiyohusu dawa ya maumivu. Nilisikia mama akiuliza, mke wangu akijibu, kiti kikivutwa karibu na kiti. Zile nyekundu ni za aina gani? Mbona hii ina mikono? Na hizi mbili zinagombana? Zinaungana, mama. Kumbe.

"Na hao watoto wako," mama aliuliza hatimaye, "wanakuaje?"

"Polepole kuliko watu walivyodhani. Nyakati zile za mwanzo, galaksi kubwa zilikuwa chache mno. Ndicho nilichokiandika. Wahakiki wamekubali, na jarida litachapisha makala yangu baada ya wiki tatu."

"Hongera, mwanangu." Mama akanywa chai. Kisha akauliza, bila kukusudia ubaya wowote, kama anavyouliza mtu wa kazi akiwa na mtu wa kazi: "Na wale ambao hawakuletwa kliniki?"

Nilisikia karatasi ikirudishwa mezani.

"Nakwambia kwa sababu mimi yalinikuta," mama aliendelea. "Mwaka wangu wa tatu kazini nilipeleka ripoti kwamba watoto wa eneo langu wanakua vizuri. Nikapongezwa mbele ya watu. Halafu ikaja kampeni ya chanjo, tukapita nyumba kwa nyumba. Ndipo nikawaona. Wamekonda, wamelazwa vyumba vya nyuma. Mama zao waliona haya kuwaleta wapimwe mbele ya wenzao. Kumbe mimi nilikuwa nawapima wenye afya tu, halafu nasema watoto wote wana afya. Ilibidi niandike ripoti ya pili. Hiyo sikupongezwa."

Nilichungulia dirishani. Mke wangu alikuwa ametulia, mkono mmoja juu ya picha, macho ukutani. Nimeishi naye miaka kumi na miwili, naujua ukimya ule. Alisimama, akasema, "Samahani, mama," akaingia chumbani kwenye kompyuta yake. Picha zake zilibaki pale pale.

Mama akanigeukia dirishani. "Nimemkosea?"

"Hapana," nilisema, ingawa sikuwa na hakika.

Mchana mke wangu alikuja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akanieleza. Picha zake zilipigwa na darubini inayoona mwanga kama macho yanavyouona, na zaidi kidogo. Lakini galaksi changa huwa na vumbi jingi, na vumbi likiwa zito huzuia mwanga huo kama pazia. Mawimbi ya redio hayajali vumbi, yanapenya. Sehemu ileile ya anga iliwahi kupimwa pia kwa darubini ya redio, na kwenye ramani ile kulikuwa na nukta thelathini na saba ambazo kwenye picha zake hazikuwa na kitu. Mahali patupu. Watu wengi husema nukta kama zile ni makelele ya mitambo. Yeye alikuwa amezitia kwenye faili alilolipa jina "Baadaye".

"Tangu lini?" niliuliza.

"Miaka mitatu."

"Na zikiwa si makelele?"

"Basi nimepima walioletwa kliniki." Alichukua kipande cha msasa sakafuni, akakikunja na kukikunjua. "Galaksi kubwa za nyakati zile ninazo arobaini na moja tu, fundi. Arobaini na moja! Ukiongeza hata ishirini, makala nzima inapinduka miguu juu. Na nilijua. Siyo kwamba sikujua. Niliogopa kufungua."

Nilimwuliza atafanyaje. Akasema hajui. Lakini nilimwona alivyosimama akajikung'uta vumbi la mbao, nikajua kwamba anajua.

Yaliyotokea idarani siku ya Jumatatu nilisimuliwa na mwanafunzi wake, binti mmoja mcheshi aliyekuwa anasomea shahada ya uzamili chini yake. Mke wangu aliingia ofisi ya mkuu wa idara, akamwambia kwamba anaiondoa makala. Mkuu wa idara si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka. Alivua miwani.

"Dokta, makala imeshakubaliwa. Watu huomba miaka na miaka wafike hapo. Na jina lako liko mezani kwa uprofesa mwaka huu, unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi ongeza sentensi moja ya tahadhari mwishoni. Kila mtu huongeza. 'Huenda kuna galaksi ambazo hazikuonekana.' Imekwisha."

"Sentensi moja haiwezi kubeba galaksi thelathini na saba, mzee."

"Na kama zote ni makelele?"

"Nitairudisha kama ilivyo, na nitalala usingizi."

Mkuu wa idara akavaa miwani yake. "Umekalia kuti kavu, Dokta," alisema. Lakini barua ya kwenda kwa mhariri wa jarida aliipitia mwenyewe, akarekebisha tarehe.

Kilichomwumiza mke wangu zaidi kilikuwa binti yule. Sura moja ya tasnifu yake ilisimama juu ya makala ile. Alimkuta kwenye korido, karibu na mashine ya maji, akamwambia ukweli wote pale pale wakiwa wamesimama. Binti alianza kulia. Watu walipita wakijifanya hawaoni. Mke wangu hakumwambia nyamaza. Alimngoja amalize, kisha akamwambia, "Hili ni kosa langu, wewe usilibebe. Sura yako nitakusaidia kuiandika kwa njia isiyotegemea hesabu yangu; ukianza leo utamaliza kwa wakati. Au ukitaka, tuzifuate hizi nukta pamoja. Itachukua muda, na huenda tusipate kitu. Uchague wewe, na ukichagua la kwanza sitakuona mwoga."

Binti aliniambia alikwenda chooni, akanawa uso, akajitazama kwenye kioo, akarudi na swali moja: "Nukta ya kwanza iko wapi?"

Ikaanza safari ya miaka miwili na ushee.

Darubini waliyoihitaji iko mbali sana, kwenye nyanda kame zisizo na watu, masahani makubwa ya chuma yamejipanga yote yanatazama upande mmoja. Nilidhani atasafiri. Akanicheka. Hakuna anayekwenda siku hizi. Unaandika maombi, watu wanakaa wanapima kama swali lako linastahili, ukikubaliwa mitambo inaelekezwa unakotaka, na data zinakuja kwa mtandao. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba masahani yale hufanya kazi hata jua likiwaka, kwa sababu mawimbi ya redio hayana habari na mwanga wa mchana. Mimi siku zote nilidhani watu wa nyota hulala mchana.

Maombi ya kwanza yalikataliwa. Walisema nukta zake hazina ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba ni vitu halisi. "Sasa ushahidi si ndiyo ninaouomba!" alifoka, akizunguka meza. Mama akamwambia akae ale kwanza. Alikula, akarudia kuyaandika maombi, mara hii akianza na wanachokiogopa wao badala ya anachokitaka yeye. Miezi sita baadaye alipewa muda wa saa kumi na moja za kutumia darubini.

Saa kumi na moja! Mimi nilidhani ni kejeli. Kabati moja hunichukua siku nne. Lakini alirukaruka jikoni kama mtoto, akamkumbatia mama na mkongojo wake.

Data zilipofika ndipo nilipomjua upya mtu niliyemwoa. Angeweza kuiachia kompyuta ipime nukta zote kwa mchana mmoja. Kompyuta ilipima, naam, lakini yeye na binti walizipima tena moja moja. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, naye hakuruhusiwa kuona la mwenzake mpaka wote wawe wamemaliza nukta ile. Walipotofautiana, walianza upya. Nukta ya sita waliipima mara tisa. Nilimwuliza kwa nini ajitese hivyo, akasema, "Kwa sababu sasa nataka ziwepo. Mtu anayetaka kitu hukiona hata kisipokuwepo. Kwa hiyo lazima awepo mwingine wa kunizuia."

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Katika miezi ile alikuwa mkali kwa printa, kwa intaneti, na kwangu mimi kwa kupumua karibu na printa. Siku moja alimpeleka mama hospitali kuangaliwa nyonga, akaahidi kumfuata saa sita. Nukta ya kumi na tisa ilianza kutoa majibu mazuri, akasahau. Mama alikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka saa nane, simu yake imeisha chaji, akaazima ya muuguzi akanipigia mimi.

Waliporudi kukutana mezani, mama hakupaza sauti. "Wa miaka bilioni kumi na mbili iliyopita umewakumbuka," alisema. "Mimi wa leo umenisahau."

Mke wangu alipiga magoti, akamshika mama miguu, akasema, "Nimekosa, mama." Mama alimwacha hapo kidogo, ajue uzito wake, halafu akamwinua. Tangu siku hiyo, kila mama alipotakiwa kwenda kuangaliwa nyonga, mke wangu ndiye aliyempeleka na ndiye aliyekaa naye kwenye benchi lile, kompyuta mapajani. Wauguzi walizoea kumwona. Nasikia mmoja wao alimwuliza kama kweli ulimwengu unapanuka, na kama ndiyo, mbona wodi yao haipanuki.

Kufikia mwaka wa pili hesabu ilikamilika. Nukta kumi na nne zilikuwa makelele, kama watu walivyosema. Ishirini na tatu hazikuwa makelele. Zilikuwa galaksi, tena kubwa, zimefunikwa gubigubi na vumbi lao wenyewe, na ndani ya vumbi hilo zilikuwa zinazaa nyota kwa kasi ambayo ukiambiwa unadhani umesikia vibaya. Galaksi yetu, alinieleza, hutengeneza kama jua moja au mawili kwa mwaka. Hizi zilitengeneza mamia kwa mwaka. Hazikuwa chache na hazikukua polepole. Nyingi zilikuwa zimeshakuwa majitu wakati ulimwengu ungali mchanga, ila nyuma ya pazia, kila mmoja akipita bila kuziona.

Akaandika makala upya. Alikuwa amebakiza wiki kama sita hivi kuimaliza.

Asubuhi moja binti alikuja nyumbani bila taarifa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa na karatasi zilizochapwa, bado zina joto la mashine. Kundi moja la watafiti, wa nchi nyingine kabisa, walikuwa wametangulia kuchapisha. Galaksi zilizofichwa na vumbi. Nyakati zilezile. Walikuwa nazo nane.

"Nane!" binti alisema, akatupa penseli yake mezani. "Sisi tunazo ishirini na tatu, tena tumezipima mpaka macho yanauma! Tungeharakisha tu, Dokta. Ile kupima mara tisa, mara tisa..."

Mke wangu alizisoma karatasi akiwa amesimama, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na majedwali yote. Mama na mimi tulikuwa tunamtazama. Alipomaliza alisema, "Wamefanya kazi nzuri."

"Dokta!"

"Wamefanya kazi nzuri. Njia yao si yetu, na sehemu yao ya anga si yetu, na wamefika palepale tulipofika. Unajua maana yake? Maana yake ni kweli. Mpaka jana ilikuwa mimi na wewe tu tunaosema."

Alikaa, akawaandikia barua ya pongezi, akaambatanisha orodha ya galaksi zetu zote ishirini na tatu, na mahali zilipo, ili nao wazitazame. Binti alimtazama kana kwamba anagawa vyombo vya nyumbani kwa wapita njia.

Baada ya hapo mke wangu alinifuata karakana. Aliomba ubao na msasa. Nikampa ubao wa mlango niliokuwa nautengeneza, akaanza kuusugua, akausugua saa nzima, machozi yakimtiririka na vumbi likimganda mashavuni. Mimi niliendelea na kazi yangu. Kuna wakati mtu haulizwi. Alipomaliza, ubao ulikuwa laini kupita kiasi, nilishindwa hata kuupaka gundi vizuri. Akasema, "Asante, fundi," akaenda kunawa, akarudi mezani kumalizia makala.

Ilipochapishwa, chuo kilimtaka aitoe kama mhadhara, saa nne asubuhi, ukumbi mkubwa. Mama alitaka kwenda. Tulimkalisha mstari wa mbele, mkongojo katikati ya magoti, kwenye kiti ambacho nadhani kilikuwa cha mgeni mwingine, lakini nani angemwinua.

Nilitarajia mke wangu aanze na galaksi zake mpya. Alianza na mchoro wa zamani, ule wa makala aliyoiondoa. "Huu ulikuwa wangu," aliuambia ukumbi. "Ulikubaliwa na wahakiki wawili, nami niliupenda. Ulikuwa pungufu, na nilikuwa na sababu ya kushuku kwamba ni pungufu kwa miaka mitatu kabla sijachukua hatua." Mkuu wa idara aliinama akatazama viatu vyake. Kisha mke wangu akaeleza jinsi swali lilivyomfikia kutoka kwa mkwewe, na kosa ambalo mkunga huyo aliwahi kulifanya zamani kliniki. Watu walianza kugeuka kutafuta mkunga ni yupi. Mama akanyoosha mgongo kama anapigwa picha.

Ndipo mke wangu akaonyesha galaksi ishirini na tatu, moja moja, na zile nane za wenzake, akiwataja wao kwanza.

Mzee mmoja, profesa mstaafu, alisimama mwishoni kuuliza. Alikuwa na sauti nyembamba lakini kali. "Dokta, umetuambia hapo awali uliwakosa waliofichika. Sasa umewapata. Je, una hakika hawapo wengine ambao hata redio haiwaoni?"

"Sina hakika," mke wangu alisema. "Nadhani wapo. Sijui ni wangapi. Nimeandika kwenye ukurasa wa kumi na mbili ni wa aina gani tusingeweza kuwaona, ili atakayekuja ajue pa kuanzia."

Mzee yule akaanza kupiga makofi, peke yake, na ukumbi ukamfuata. Nimeona watu wakipigiwa makofi kwa kujua. Sikuwa nimepata kuona mtu akipigiwa makofi kwa kusema "sijui".

Uprofesa ulikuja mwaka uliofuata, umechelewa, na haukuja na mbwembwe. Ni barua tu. Binti alihitimu kwa heshima ya juu, na lile kundi lililotangulia na galaksi nane likamwita akafanye nao kazi, kwa sababu, walimwandikia, mtu aliyefunzwa kupima nukta moja mara tisa ndiye wanayemtafuta. Alipokuja kuaga alilia tena, safari hii mezani kwetu, na mama akamfungia chakula cha njiani cha kumtosha mtu wa siku tatu.

Wiki iliyopita mke wangu alikuja karakana na picha ya galaksi ya ile nukta ya kumi na tisa, iliyomfanya amsahau mama. Ni doa tu, rangi yake ameitia mwenyewe ili lionekane. Nilimwuliza swali ambalo nilishangaa sikuwa nimeliuliza siku zote: leo hii ikoje?

"Leo?" Akakaa juu ya mbao. "Kwa ninavyofikiri, imeshatulia. Gesi yake iliisha kwa kuzaa ovyo ovyo vile. Nyota zake zimezeeka, zimekuwa nyekundu, hakuna mpya. Pengine imeungana na jirani zake, imekuwa jitu moja la mviringo, kimya."

"Pengine?"

"Pengine. Mwanga wake wa leo hautanikuta mimi, wala wewe, wala yeyote tunayemjua. Lakini zipo zilizo karibu, zilizotulia hivyo, nataka nizitazame nione kama ndizo hizi zikiwa wazee. Maombi ya darubini nimeanza kuyaandika."

Nikazima msumeno, nikamwomba anieleze tangu mwanzo, polepole, kwa sababu sehemu ya gesi sikuielewa. Akasogeza randa pembeni, akachora kwa kidole kwenye vumbi la mbao juu ya meza yangu, akanieleza.